Fundi Chaji na Gari la Wakwe

Mdogo wangu hakulia. Naanza na hilo kwa sababu mtaani ndilo walilolisema kwanza, na nimechoka kulisikia midomoni mwa watu wengine. Mkewe alifariki asubuhi. Jioni yake uani kwetu pakawa na turubai na viti vya kuazima, na yeye akakaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na tangi la maji, mikono juu ya magoti, anapokea pole. "Sawa." "Ahsante." "Sawa." Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Kwetu walianza wa mbali, wakamaliza wa mbali, wakakunja turubai lao wakaenda zao. Mimi nililia kwa niaba ya nyumba nzima mpaka sauti ikakauka.

Mazishi yalipopita tu, akafungua gereji.

Gereji yenyewe ni banda la mabati, na udongo wake umekunywa oili mpaka mvua ikinyesha maji hayazami. Ukutani pana rafu ya alternata za kila aina, nyingine zimepasuliwa, nyaya za shaba ziko nje. Mimi dada yake nina meza yangu pale getini, nauza fyuzi, balbu na maji ya betri, na kelele nazitoa bure. Mteja akija mimi ndiye wa kumkaribisha, maana mdogo wangu tangu utoto maneno aliyapima kwa kijiko. Watu wanamwita Fundi Chaji. Injini hagusi, bodi hagusi, breki hagusi. Kazi yake ni betri, alternata, na waya ulio katikati yao. Basi.

Zamani, mkewe alipokuwa hai, mdogo wangu alikuwa akiwaeleza wateja, na nimeyasikia maelezo yale mpaka naweza kuyasema usingizini. Betri haijijazi yenyewe, anasema. Injini ikizunguka, mkanda unaizungusha alternata, na alternata inatoa umeme. Shida ni kwamba injini haina adabu. Kwenye foleni inajikokota, kwenye barabara nyeupe inakimbia kama mwizi. Ukiuacha umeme ufuate injini, betri leo itakufa njaa na kesho itachemka. Kwa hiyo nyuma ya alternata kuna kidude kinachoenea kiganjani, kinaitwa regyuleta. Kazi yake ni kutazama volti. Zikishuka chini ya kumi na nne na kidogo, kinaongeza umeme kwenye koili inayozunguka, alternata inatoa zaidi. Zikipanda, kinapunguza. Kinafanya hivyo mara nyingi kabla hujapepesa jicho. Na betri nayo ina akili yake: ikiwa tupu inavuta mkondo mkubwa, ikianza kushiba inavuta kidogo, mwisho inabaki kulamba tu. "Regyuleta inashika volti," alikuwa akisema, "lakini kiasi cha kula betri inachagua yenyewe."

Kupima kazi hiyo kunataka watu wawili. Mmoja anasimama kwenye betri na mita ya volti, mwingine anakaa ndani ya gari mguu kwenye mafuta. Wa ndani alikuwa wifi yangu. Alikuwa na cherehani yake hapo hapo bandani, akishona mashuka na nguo za watu, na akiitwa anaiacha suruali ya mtu na mguu mmoja, anaingia kwenye gari.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga!"

"Kumi na nne na pointi mbili!"

"Kumi na nne, kumi na nne, mpaka lini? Wenzako wanapanda vyeo!"

Mdogo wangu anacheka mpaka mita inatikisika. Utani ule ule, miaka yote, na miaka yote anacheka. Sasa hamwiti mtu. Anaiweka mita juu ya betri, anauvuta waya wa mafuta kwa kidole, anasoma peke yake kimya kimya. Nilimwambia, "Niite mimi basi, nina miguu miwili." Akasema sawa. Hakuniita.

Kuna jambo moja nitalieleza ili mjue alivyokuwa mgonjwa. Mafundi wa zamani wana mtindo wao wa kupima alternata: gari likiwa linaunguruma, wanachomoa terminali ya betri. Likizimika, alternata mbovu. Likiendelea, nzima. Kwa magari ya enzi zile mtu aliponea, kwa haya ya siku hizi ni kuua. Betri ndiyo godoro la umeme wote ule, inanyonya kila mruko. Ukiiondoa ghafla, umeme unaruka juu kabla regyuleta haijawahi kuushika, unaunguza chochote unachokikuta. Mdogo wangu alilichukia jambo hilo kuliko dhambi zote. Aliwahi kumfukuza mtu na spana barabarani kwa sababu hiyo, yeye mpole wa kupindukia. Basi wiki chache baada ya msiba, fundi wa banda la jirani akaichomoa terminali mbele ya macho yake, cheche zikaruka, na mdogo wangu akatazama tu, kisha akaendelea kufuta mikono. Nikajua huyu kweli amekufa ganzi.

Nyumbani mambo hayakuharibika, na hilo ndilo lililonitia wazimu. Ana binti mmoja, wa darasa la nne. Sare ya mtoto ilipigwa pasi. Uji ulikuwepo mezani. Viatu viling'aa. Alihakikisha maji ya kuoga yana moto. Lakini neno hakuna. Wanakaa wawili mezani, vijiko ndivyo vinavyoongea. Mtoto aliyekuwa mdomo kasuku akaanza kupungua sauti. Nikimuuliza shule vipi, "sawa". Umekula? "Sawa." Nikamwambia mdogo wangu, "Umemwambukiza."

Akasema, "Sawa, dada."

Jamani! Ningekuwa na sufuria mkononi ningempiga nayo.

Ndipo mama mkwe akapiga simu. Anakaa mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima. Akasema mjukuu wake hawezi kulelewa na gogo; likizo ikianza anakuja kumchukua moja kwa moja, atasoma huko, atalala chumba alicholala mama yake alipokuwa msichana. Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, akajibu unavyojua.

Nilimvamia. "Sawa nini? Mtoto ni gunia la mkaa, ukiombwa useme chukua?"

"Mama anajua kulea."

"Na wewe?"

Akavuta kigoda akakaa. Halafu akasema, "Dada, mimi sisikii kitu. Umewahi kuulalia mkono mpaka ukaamka unauona lakini si wako? Ndivyo nilivyo, mwili mzima. Mtoto namwona. Najua ni wangu. Sasa akae na mtu wa namna hii kwa faida gani?"

Hasira zikaniishia. Nikamkaangia yai.

Mtoto naye nilimpata kitandani anapanga nguo zake kwenye begi. Nikamuuliza, "Unataka kwenda kwa bibi?"

"Bibi ananipenda."

"Hilo sikuuliza."

Akaikunja soksi, akaikunjua. "Baba akisema nibaki, nitabaki, shangazi. Asiposema, nitajuaje kama ananitaka?"

"Ngoja nimwambie."

"Usimwambie!" Akanishika mkono. "Ukimwambia atasema kwa sababu umemwambia. Naomba, shangazi." Nikaapa. Mimi, ambaye mdomo wangu hauna kifuniko, nikaapa kwa mtoto wa darasa la nne.

Siku yenyewe gari tulilinusa kabla hatujaliona. Harufu ya mayai viza iliingia getini, ikifuatwa na mjomba wa mtoto kwenye usukani, na bibi pembeni yake ameziba pua kwa ncha ya mtandio. Taa ya betri kwenye dashibodi ilikuwa nyekundu. Wakashuka, salamu zikapita, bibi akanikumbatia na tukalia kidogo, mdogo wangu akaamkia na kuinamisha kichwa. Hakungoja kuambiwa. Alikwenda akafungua boneti, akaweka mkono karibu na betri, akautoa upesi. Ubavu wa betri ulikuwa umevimba.

"Ilianza lini?" akauliza.

"Jana usiku taa zilififia," mjomba akasema. "Nikamwonyesha fundi wa pale stendi. Akakaza mkanda, akachomoa terminali kidogo apime, gari likaendelea kuunguruma, akasema alternata safi, nenda. Kweli, mwanzoni taa zikawa kali ajabu! Baadaye moja ikaungua, ya pili ikafuata."

Nikamtazama mdogo wangu. Nilitamani atukane. Nilitamani aulize huyo fundi uchwara anakaa wapi, ashike spana. Hakuna. Aliweka mita, akamwambia mjomba awashe. "Kumi na saba," akasema, kama anayesoma bei ya chumvi. "Zima. Regyuleta imekufa, imeacha njia wazi. Alternata inamwaga kila ilicho nacho."

"Tunaweza kwenda nalo hivyo hivyo?" bibi akauliza. "Barabara ni ndefu, nataka tufike mapema."

"Hapana, mama. Betri itapasuka."

Na hapo ndipo mimi, Mungu anisamehe, nilipofurahi. Nikasema moyoni, mdogo wangu, hiyo ndiyo bahati yako. Mwambie huna kipuri. Mwambie mpaka wiki ijayo. Lakini yeye alishakwenda kwenye rafu. Alirudi na regyuleta mpya kwenye kikopo chake, akavua shati la heshima, akaanza kufungua alternata ya gari la kumchukulia mtoto wake. Alifanya kazi ile vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Akasugua sehemu za kuungia waya kwa msasa. Akabadilisha hata zile kaboni zinazopeleka umeme kwenye koili. Betri iliyovimba akaitoa, akaleta nyingine nzima. Bisibisi haikuteleza hata mara moja. Nilimtazama nikamchukia, nasema kweli. Nilidhani kumbe hajali hata chembe.

Kufikia wakati wa chakula alikuwa amefunga mkanda. Begi la mtoto lilikuwa tayari kwenye buti. Mjomba alikuwa amelala kwenye benchi, kofia usoni, amechoka na safari. Mdogo wangu akaiweka mita, akanyoosha kidole kutafuta waya wa mafuta. Kwenye gari lile waya huo haupo, ni mambo ya kompyuta. Akasimama pale, kidole hewani.

Mlango wa dereva ukafunguka. Mtoto akapanda, akavuta kiti mbele mpaka mwisho, mguu ukafika kwa ncha ya kiatu. Hakumtazama baba yake. Akawasha.

Mdogo wangu akakishusha kidole. Kisha akasema, "Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Achia."

"Nimeachia."

"Washa feni. Washa taa. Kanyaga tena, polepole."

Nilihesabu maneno. Tangu msiba hakuwa amemwambia mtoto mengi kiasi hicho kwa mpigo mmoja.

"Bado?" bibi akauliza kutoka kivulini.

"Kumi na sita, mama. Inapanda. Narudia."

Akazima, akafungua waya, akaufunga, akasema washa. Kanyaga. Achia. "Kumi na sita." Akarudia. Jua likahama kutoka upande mmoja wa banda hadi mwingine. Bibi akaja na chai yake, akarudi. Mjomba akaamka, akauliza, akajibiwa kumi na sita, akalala tena. Mimi nikashika chupa ya maji ya betri nikajifanya nampelekea, nikachungulia mita.

Kumi na nne na pointi mbili. Imetulia tuli.

Nikamtazama usoni. Uso ule ule, mkavu kama ubao. "Kumi na sita," akasema tena, kwa sauti, akiiangalia kumi na nne. Mtu ambaye hajawahi kumdanganya mteja hata nusu volti! Wateja wanaokuja kwake na magari mazima huwarudisha siku ile ile. Nikarudi kwenye meza yangu nikaanza kupanga fyuzi upya. Ndani ya gari mtoto alikuwa akikanyaga na kuachia, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo, kama anavyofanya akiandika.

Bibi si mtu wa kudanganywa. Alikuja taratibu, akavaa miwani iliyoning'inia kifuani, akainama juu ya injini kabla hatujajua anafanya nini.

"Mwanangu," akasema, "mimi volti sizijui, lakini kusoma najua. Hapa pameandikwa kumi na nne."

Mdogo wangu akafuta kioo cha mita kwa kidole.

"Umesema kumi na sita. Unanidanganya?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu lilipowaka mara ya kwanza. Gari ni zima. Mnaweza kwenda nalo popote."

Injini iliendelea kuunguruma. Mjomba alikuwa ameketi sasa, kofia mkononi. Bibi akavua miwani. "Kwa nini?"

Mdogo wangu akaitazama mikono yake, akaigeuza, viganja juu, viganja chini, kama anaitafuta iliko. Nilingoja machozi. Nilisema sasa yatakuja, leo yatakuja. Hayakuja. Alisema kwa sauti ile ile anayosomea mita, wala haikupanda wala haikushuka.

"Sitaki mtoto aondoke. Mimi sifai, mama, ulisema kweli, mimi ni gogo. Sijui nitaamka lini. Lakini sitaki aondoke. Nilipoona gari limepona nikashindwa kutamka. Naomba abaki."

Injini ikazimika. Mtoto aliizima mwenyewe. Alishuka, akafunga mlango kwa matako kama mama yake alivyozoea, akaja mpaka mbele ya bibi na kumpa funguo kwa mikono miwili. Halafu akaenda kusimama kando ya baba yake. Hakumkumbatia. Hakumgusa. Alisimama tu pale karibu, mita ikiwa katikati yao.

"Umemsikia baba," bibi akamwambia.

"Nimemsikia."

"Na wewe?"

"Nabaki, bibi."

Nilitaka kupiga vigelegele, nakwambieni. Mdomo ulishafunguka. Kisha nikamwona mama yule. Alikuwa amezishika funguo kwa mkono mmoja na boneti kwa mkono mwingine, kama mtu aliyesimama kwenye sakafu yenye maji. Alikuwa ametandika chumba. Alishaniambia asubuhi kwamba ametoa shuka zile za binti yake akazifua, akaziweka tayari. Kwa miezi yote ile tulimhesabu mfiwa mmoja tu, yule asiyelia.

"Binti mmoja nilimzaa, mmemzika huku kwenu," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza tu, akimtazama mkwe wake, kisha mtoto, kisha mimi. "Huyu nilisema nimpate, nyumbani kwangu pawe na mtu wa kumwita. Sasa mimi ninarudi na nani?"

Mjomba alikwenda nyuma ya gari akalitoa begi la mtoto kwenye buti, akaliweka chini, akafunga buti bila kelele. Mimi, mwenye jibu la kila mtu mtaa mzima, nikakivuta kiti changu cha getini nikamwekea mama akae.